Vidonge vya Baba

Baba hakuwa mtu wa kunipigia simu saa za kazi. Akijua niko darasani husubiri hadi jioni, na hata hapo huanza kwa kuuliza hali ya wajukuu, ya mume wangu, ya kuku. Kwa hiyo simu yake ilipoingia asubuhi ile, kabla ya mapumziko, nilitoka nje ya darasa chaki ikiwa bado mkononi.

"Shikamoo Baba."

Hakuitikia. "Mama yako amelala," alisema. "Namwamsha, anafumbua macho, halafu anayafumba tena."

Nilimwambia amkimbize hospitali. Alisema gari limeshaitwa, linakuja. Kisha akaongeza, "Dawa nilishampa, lakini naona haijamsaidia." Simu ikakatika.

Nilimwomba ruhusa mwalimu mkuu, nikapanda gari la kwanza linalotoka Masasi kwenda Newala. Njia nzima nilikuwa nikijiambia ni malaria. Mama ni mwembamba, mgumu, mtu wa kuwa chini ya mikorosho kabla jua halijatoka, na sikuwahi kumwona amelala mchana. Ulikuwa msimu wa korosho, joto limepamba moto na mvua hazijaanza. Kwetu Mkunya, visima tunavyokingia maji ya mvua vilikuwa vimekauka, maji yakawa ya ndoo kutoka mbali, na watu wakawa wanayanywa kwa kuyahurumia.

Nilimkuta Mama wodini. Upande wa miguu wa kitanda chake ulikuwa umeinuliwa kwa matofali, na dripu zilikuwa zinaingia mikono yote miwili. Midomo ilikuwa imepauka. Nilimshika kiganja, kikawa cha baridi, na nje watu walikuwa wanajipepea kwa khanga.

Daktari alikuwa binti, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Alituita mimi na Baba kwenye chumba cha pembeni, akamwamkia Baba kwanza, ndipo akauliza yaliyotokea.

Baba alieleza taratibu. Mama alikuwa akiharisha tangu wiki ilipoanza, lakini hakutaka kuacha korosho zioze chini. Alfajiri ile alipoinuka kitandani alishikwa na kizunguzungu, akaanguka mlangoni.

"Nikajua ni presha," Baba alisema.

"Ulijuaje, mzee?"

"Mimi mwenyewe ninayo. Kizunguzungu chake nakijua."

"Ukampa nini?"

Baba aliingiza mkono mfukoni akatoa bahasha ndogo ya kaki. "Vidonge vyangu. Nilimpa vya asubuhi. Alipokuwa hapati nafuu, nikamwongezea."

Daktari alivimimina vidonge mezani, akavitenga kwa kidole. Sauti yake haikupanda, na nadhani ndiyo maana maneno yale bado nayasikia.

"Mzee, dawa hizi zinashusha presha. Ya Mama ilikuwa imeshashuka. Ameharisha, maji yamemwishia mwilini, damu ikakosa nguvu ya kufika kichwani, ndiyo maana alianguka. Ulipompa vidonge hivi ukaishusha zaidi. Na hiki kidogo kazi yake ni kumtoa mtu maji kwa njia ya mkojo."

Baba aliviangalia vidonge vile kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. "Kwani presha si ni presha?" aliuliza.

Hakuna aliyemcheka. Mimi nafundisha sayansi, na nilivirudisha vidonge kwenye bahasha kimoja kimoja. Baba na Mama wameishi pamoja tangu kabla sijazaliwa, na sijawahi kumsikia akimkaripia mkewe. Mtu huyo ndiye aliyekuwa karibu kumuua, kwa mkono wake, huku akimwinua kichwa ili ameze vizuri.

Daktari alimweleza kwa upole kwamba presha ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Ikizidi kwa muda mrefu, moyo, figo na ubongo huharibika polepole. Ikishuka mno, viungo hivyo hivyo hukosa damu. "Kizunguzungu hakikuambii ni ipi, mzee. Kinachokuambia ni kipimo."

Halafu akatambua kwamba Baba hakuwa amemeza dawa zake siku ile, kwa kuwa za asubuhi alimpa Mama, akamwita muuguzi ampime. Ilikuwa imepanda kidogo. Muuguzi alipokuwa anaukunja ule mkanda wa kipimo akanitazama. "Na wewe Mwalimu, kaa basi, mkanda uko tayari."

Nilikaa ili nisionekane najivuna. Mkanda ukajaa upepo, ukabana, ukalegea. Muuguzi akahamia mkono wa pili. Kisha akaniambia nikae kimya, nisikunje miguu, akaniacha kwa muda, akarudi kupima tena. Akamsogezea daktari mashine aisome.

"Mia moja tisini kwa mia moja kumi na tano," daktari alisema. "Mwalimu, huumwi kichwa? Kifua? Huoni maluweluwe?"

"Hapana. Ni mshtuko tu. Nimetoka Masasi mbio."

"Mshtuko unaweza kuchangia. Lakini usiondoke. Tutapima tena jioni, na kesho."

Alasiri Mama alifumbua macho na hakuyafumba tena. Swali lake la kwanza lilikuwa kama korosho zimeanikwa. Baba alivuta kiti, akainama, na kwa kuwa si mtu wa kuficha jambo, akamwambia yote: dawa zilikuwa zinashusha, naye alikuwa ameshashuka.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. "Basi si wewe," alisema. "Hata nisingepewa ningevichukua mwenyewe. Siku nikichoka sana huwa nameza kimoja chako."

"Tangu lini?" niliuliza.

"Siku nyingi. Hata jirani yetu nilimpa, alipokuwa analalamika kichwa."

Daktari, aliyekuwa ameinama kuangalia dripu, alinyooka. Aliomba namba ya huyo jirani akatoka nayo nje pale pale. Baba alibaki ameshika magoti. Miezi mingi alikuwa akilalamika kwamba vidonge vinamwishia mapema, na sisi wanawe tulikuwa tukisema uzee umemwingia, anasahau na kumeza mara mbili.

Jirani alikuwa mzima. Mama aliendelea kuwekewa maji, akakojoa, akaanza kudai uji, na kesho yake presha ilikuwa imekaa sawa. Daktari alimpa ruhusa ya kurudi nyumbani, kwa masharti ya kunywa maji hata kama ndoo ni ya shida, na kutogusa tena bahasha ya mumewe.

Yangu haikushuka. Ilikuwa juu jioni ile, ikawa juu asubuhi nikiwa nimelala vizuri na hofu imeniisha. Nilichukuliwa damu na mkojo, nikapewa vidonge vyangu mwenyewe, na nikaambiwa huenda nimekaa na hali hiyo miaka bila kujua. Miaka hiyo yote nimefundisha, nimelima, nimebeba ndoo kichwani, nimeimba kwaya. Nilijitafuta mwili mzima nione ni wapi palipokuwa pakiniuma, sikupaona.

Nilirudi wodini kumsaidia Mama kuvaa. Akaniona nimeshika bahasha.

"Ya nani hiyo?"

"Yangu, Mama. Nina presha ya kupanda."

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi popote."

Alinikazia macho kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mtoto, nikisema nimeshakula kumbe sijala. Kisha akasogea ukutani, akakipiga kitanda kwa kiganja chenye plasta ya dripu.

"Vua viatu," alisema. "Lala hapa kwanza, gari bado halijafika."

Nikavua.