Dawa Chini ya Moto
Mwamuzi wetu wa mashindano ya Jumapili ya karata za vita hapa Plovdiv hagusi karata ya mtu. Huzionyesha kwa kijiti cha kukorogea kahawa, akianzia juu ya rundo, maana karata iliyowekwa mwisho ndiyo hutenda kwanza. Jana binti yake Rumyana alibakiwa na uhai mmoja tu, na mshindi ndiye angekwenda fainali Sofia. Mpinzani wake Kiril alimrushia karata ya moto, inayopunguza uhai mmoja. Rumyana akaweka juu yake karata ya dawa, inayoongeza uhai. Kiril akaweka moto wa pili juu ya dawa, akacheka: “Haya, jitibu basi, dada!”

“Baba, na dawa yangu je?”

Kijiti kilitua kwenye moto wa juu. “Huu kwanza. Umekufa, mwanangu.”

Kisha, mchezo ukiwa umekwisha, baba akaisoma kwa sauti ile dawa iliyokosa zamu, neno kwa neno, hadi mwisho.