Presha Iko Chini

Asubuhi ile nilikuwa Gikomba nikichagua sweta. Mke wangu Nekesa alinicheka mpaka akakalia robota la mitumba. "Baba Brayo, unaenda vitani ama kwenye baridi ya Limuru?" Nilikuwa fundi wa ndege ndogo, na safari yenyewe ilikuwa ya kawaida: kupeleka dawa ng'ambo ya mpaka, juu milimani, tulale, turudi Nairobi siku iliyofuata. Nikapitia nyumbani Huruma, nikala githeri, nikaaga. Vita nilivijua kwa redio tu.

Kule baridi ilikuwa ya kung'oa masikio. Kulipopambazuka, bunduki zikaanza kulia bondeni. Tukaletewa majeruhi mmoja, Yakobo, amepigwa risasi pajani. Mkewe, Mariamu, ndiye aliyekuwa akitupikia chai pale uwanjani. Alimshika mkono mpaka tukamlaza ndani ya ndege, na Sista Achieng', muuguzi wetu kutoka Kariobangi, akalifunga jeraha.

Kapteni, rubani wetu, akawasha injini. Ikakohoa.

"Presha iko chini!" akapiga kelele.

Mimi nilijua anasema presha ya mafuta. Sista alidhani ni ya mgonjwa. Akamrukia Yakobo, akampima, na kweli ilikuwa inashuka. Damu ilikuwa ikivuja chini ya blanketi. Akakaza bendeji, akamtundikia dripu. Kosa lile la neno moja bado hunichekesha, halafu hunitoa machozi.

Injini ikazimwa. Niliwasha pampu ya akiba, mshale wa presha haukusonga. Basi pampu haikuwa na kosa, njia ya mafuta ndiyo iliyoziba. Nikafungua kizibo chini ya filta: hakuna hata tone. Maji yaliyoingia pamoja na mafuta ya mapipa yalikuwa yameganda barafu humo ndani.

Kuwasha moto karibu na mafuta ni kujiua.

Risasi zikasogea.

"Mayi ya chai iko moto," Mariamu akaniambia kwa Kiswahili cha kwao. "Kamata."

Nikavua sweta, nikaizungushia filta, naye akamimina birika polepole. Barafu ikaachia. Yakatoka maji, kisha mafuta safi. Injini ikawaka, mshale ukapanda, ukatulia.

"Panda, dadangu," nikamsihi.

"Batoto beko kwa mama," akasema, akatufungia mlango kwa nje.

Tukaruka.

Yakobo alipona, Mungu ashukuriwe. Anaishi hapa Huruma, jengo la pili kutoka letu, anashona viatu. Watoto waliletwa baadaye na nyanya yao. Mariamu hakuwafikia. Kombora lilimkuta njiani.

Mimi nashukuru, na kanisani nasema hivyo bila aibu. Lakini kila Krismasi Yakobo akianza kunishukuru mbele ya wanawe, humkatiza, nikawageukia wao: ndege ile, ni mama yenu aliyeirusha.

Mwaka jana kitindamimba aliniuliza, "Sasa mbona yeye hakupanda?"

"Alikuwa anakuja kwenu," nikamwambia.