Kisa cha Dirisha la Bi Obdulia

Eliécer Pájaro alizaliwa katika mtaa wa kale wa Getsemaní, na kwa miaka kumi na tisa mdomo ndio uliomlisha. Kila jioni aliwatembeza wageni mtaani, kanisa hadi kanisa, akiwapigia soga. Habari za maharamia waliouvamia mji zamani zilipoanza kuwachosha, akatafuta kitu cha kuwachekesha.

Ndipo alipoanza kusimama chini ya dirisha la Bi Obdulia, jirani mzee aliyeishi kando ya uwanja wa kanisa.

"Humu anaishi bibi harusi aliyeachwa kwenye mataa," alisema, akilionyesha kanisa la njano pale uwanjani. "Bwana harusi alikula kona! Miaka hamsini sasa, mama bado anachungulia."

Wageni walicheka, na wauza arepa, ile mikate ya mahindi, nao wakacheka. Eliécer alijua ni Obdulia aliyemlisha wali wa nazi utotoni, mama yake akiwa kazini. Lakini alijiambia kwamba bibi yule siku hizi hasikii vizuri.

Jumamosi moja, uwanja umefurika watu na ngoma zimeanza, dirisha likafunguka.

"Eliécer, mwanangu, ongeza sauti. Wa nyuma hawajasikia."

Kicheko kikakatika. Eliécer alitamani ardhi immeze. Aliwaaga wageni hapohapo, matembezi hayajafika hata nusu. Siku tatu alipita njia za nyuma. Siku ya nne akabisha hodi.

"Mama, nimekukosea. Sina uso wa kukutazama."

"Basi tazama sakafu, masikio nipe mimi. Hakuna aliyeniacha. Padri aliponiuliza kama nakubali, nilikumbuka kofi nililopigwa na yule bwana juzi yake. Nikasema sikubali, nikatoka na gauni langu. Watu wakaona afadhali waseme nimeachwa."

"Mbona hukuniambia siku zote hizo?"

"Uliniuliza lini? Kutwa mdomo umejaa wali wangu."

"Kuanzia leo nitawaeleza ukweli, mama."

"Thubutu! Nimekuambia wewe, sijawaambia wageni wako. Haya, nenda."

Bibi hakumwambia kwamba amemsamehe, naye hakuthubutu kuuliza.

Tangu hapo Eliécer hupita pale bila kusema neno. Lakini waongoza wageni wenzake walikwishaidaka soga yake, tena wameitia chumvi: sasa bibi harusi analia kila Jumamosi. Aliwasihi waache.

"Si wewe uliyetufundisha?" wakamcheka.

Jioni huwasikia kutoka upande wa pili wa uwanja, wakiyarudia maneno yake mwenyewe, naye hugeukia ukuta wa kanisa, masikio yakiwaka moto.