Nyumba ya Dada, Hombo

Enzi zile mamluki wa Kizungu wakilinda ikulu, mahakama ya Mutsamudu, kisiwani kwetu, ilimfunga shemeji yangu, mume wa dada, kwa kuiba mchele kwenye bohari ya bandarini. Hilo sikulipinga, aliiba. Lakini juu ya kifungo hakimu aliongeza amri: nyumba yake ya Hombo iuzwe, mwenye mchele afidiwe.

Nyumba haikuwa yake. Baba alimjengea dada yangu, kama wazazi kwetu wanavyowajengea mabinti, na mume huja kukaa. Hakimu, mgeni aliyesomea ng'ambo, alimkuta mwanamume ndani akamhesabu kuwa mwenyewe.

Mimi nilikuwa kisiwa kingine, mtaa wa Magoudjou, Moroni, nikiuza vipuri vya baiskeli na kujifunza sheria peke yangu kwenye kitabu cha mtumba. Kifungu kimoja kiliniinua kitini: asiye na kosa, mali yake ikiguswa, anaweza kuipinga amri hiyo tu, hukumu ikabaki ilivyo. Nilikisoma tena kwa sauti, kisha nikafunga duka.

Kwenye uwanja wa ndege mamluki mmoja alikipekua kitabu. "Wewe wakili?"

"Hapana. Kaka wa mwenye nyumba."

Akanirudishia.

Dada alinipokea na tangazo la mnada limebandikwa mlangoni. "Utasema nini, kaka? Hati hatuna."

"Hatuna. Lakini tulifanya harusi."

Mahakamani hakimu aliniruhusu kusema kwa niaba ya dada. Maswali nilikuwa nimeyapanga. Nilimgeukia dalali wa mahakama, yule yule aliyebandika tangazo.

"Siku ya harusi ya dada yangu ulikuwa kwenye msafara wa bwana harusi?"

Akatazama viatu vyake. "Nilimshikia mwavuli."

"Mlimtoa wapi?"

"Kwa mama yake, Mirontsy."

"Mkampeleka wapi?"

"Hombo, kwa bibi harusi."

"Nyumba ilikuwa imekwisha kujengwa?"

"Imekwisha. Tulikula chakula ghorofani."

"Na sahani hukuiacha!" mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. Watu wakacheka, na hakimu akainama kuficha mdomo.

Alipoinuka, yeye mwenyewe alimuuliza dalali, "Bwana harusi aliingia na nini?"

"Joho alilovaa, mheshimiwa."

Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma: nyumba imeondolewa katika amri, fidia itatoka kwenye mali ya mfungwa mwenyewe. Nilitamani kuruka. Nikamshukuru kwa sauti ya kawaida, nikafunga kitabu.

Mchana huo dalali alikuja Hombo kuchukua mali ya mfungwa. Dada alimngoja kizingitini, joho mkononi, limekunjwa vizuri.

"Hili ndilo lake, mjomba. Mwambie atakayelinunua alianike kwanza."

Mimi nilikuwa nabandua tangazo. Gundi ilikuwa imekauka. Nilihitaji kisu, nikaenda kukichukua jikoni nikiimba.