Gunia la Nywele za Farasi

Majina yao wote ninayo. La yule komanda, la luteni wake, la askari wa kizuizi cha barabarani aliyenicheka, hata la yule bibi kizee aliyelala juu ya gunia. Nikishika ufagio asubuhi yanakuja yenyewe, moja nyuma ya lingine. Lakini wengine wangali hai, na wengine watoto wao tunakutana nao sokoni, tunasalimiana, tunaulizana bei ya mihogo. Kwa hiyo hapa sitaandika hata moja.

Shule sikusoma sana. Masista ndio walionifundisha kushona, na kushona ndiko kulikonipa bwana. Alikuwa fundi wa viti vya magari, hapa Bunia, mtaa wa Saio, na alihitaji mkono wa kupitisha sindano mahali ambapo mashine haifiki. Yeye alikata na kujaza, mimi nilishona. Alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata kwa rafiki: kila kilichotoka ndani ya gari ya mtu kinarudi kwa mtu huyo. Msumari wenye kutu, kipande cha kitambaa kilichooza, vyote viliingia katika gunia, na mwenye gari akija kuchukua kazi alipewa na gunia lake. Mji huu bila hivyo hufanyi kazi. Mtu atasimama mlangoni pako apige kelele kwamba umembadilishia springi zake.

Gari ninayoisema ilikuwa nyekundu, fupi, ya viti viwili tu, tumbo lake karibu liguse udongo. Watoto waliiita Chura. Mzungu mmoja wa kahawa aliivusha ziwa zamani, ikashuka Mahagi-Port, na mpaka ifike hapa nasikia watu waliibeba zaidi kuliko ilivyowabeba. Zilipokuja fujo za kwanza huyo Mzungu akaenda, gari ikabaki katika depo yake ya kahawa. Na kwa kuwa alikuwa akinunua dhahabu kwa siri, watu wakasema: hakuweza kuondoka nayo yote, ameificha ndani ya viti. Basi kila kundi lililoingia mjini na bunduki lilipitia depo, likapasua kiti kidogo, likatia mkono, likatoka. Vita yetu mnaijua, mji ulikuwa unabadilisha wenyewe kama mtu anavyobadilisha shati. Ngozi ya viti ikabaki na makovu.

Komanda wa kundi lililoshika mji wakati huo aliipenda. Akamwita bwana yangu. "Muzee, nataka ikuwe vile ilitoka kwao. Si ngozi mupya. Ile ile."

Kukataa haikuwezekana. Na nitasema ukweli, bwana yangu hakutaka kukataa. Alipoiona ile ngozi macho yake yaling'aa kama ya kijana. Tukaenda kila asubuhi katika depo. Tulilainisha ngozi kwa mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na nta ya nyuki, tukaziba makovu kwa ndani, na mimi nilishona kwa kupitisha sindano katika matundu ya zamani, bila kutoboa jipya. Ndani kulikuwa na nywele za farasi. Zilikuwa zimeoza, zimeshikana na udongo wa nyumba za nyigu. Farasi kwetu hakuna, kwa hiyo bwana yangu aliokota mikia ya ng'ombe machinjioni, akasokota nywele zake kama kamba, akachemsha, akakausha, halafu akafumua. Zinajikunja, zinasukuma mkono. Kiti cha kwanza kikaisha. Cha pili kilikuwa kingali pale pale, chini ya bati lililotoboka.

Siku ile nilifika na chakula, nikamkuta bwana yangu amekaa chini juani, bila mshipi, bila viatu. Katika miaka ile, mtu akivuliwa viatu mlijua harudi. Luteni alisimama katikati ya viti viwili. Zamani alikuwa mchimbaji wa dhahabu, mikono yake ilizoea kupima.

"Muzee, hii kiti iko mwepesi," alisema.

"Iko mwepesi sababu tumetosha uchafu ndani, Afande."

"Na ile ingine iko nzito. Zilizaliwa siku moja, ao hapana?"

"Zilizaliwa siku moja."

"Basi uzito ya hii imeenda wapi? Umekula?"

Askari wakacheka. Bwana yangu akaniangalia, akasema polepole, "Mama ya watoto, gunia iko nyumbani." Nikaelewa. Nikamgeukia komanda, aliyekuwa amekaa mlangoni akichokonoa meno, nikamwambia kwamba vyote vilivyotoka ndani ya kiti tunavyo, hata udongo, na kwamba mizani ya kahawa ile pale ukutani. Tutoe nywele mpya, turudishe takataka za zamani, tupime kiti kwa kiti. Kama kuna kilichopungua, waseme wao.

Komanda alitazama ukuta wa depo. Nyuma ya ule ukuta watu walikuwa wakipelekwa, hawarudi.

"Enda, Mama. Kivuli ya ukuta ikifika kwa miguu ya muzee na wewe haujarudi, kile kiti cha pili utashona peke yako."

Sijui nilifikaje Saio. Katika parseli yetu, kiwanja cha nyumba yetu, tulikuwa tumepokea watu waliokimbia vijiji vyao, na juu ya gunia alikuwa amelala bibi kizee, mgonjwa wa mgongo.

"Mama, unisamehe, uamke."

"Unanifukuza?"

"Sikufukuzi. Wanataka kuua bwana yangu sababu ya kitanda chako."

Aliniangalia kama mtu aliyesikia mengi na hili bado. Akajiviringisha, akalala udongoni, nikabeba.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari akanyoosha bunduki. "Bibi, umebeba nini?"

"Nywele za farasi."

"Za nini?"

"Za farasi."

Akamwita mwenzake. "Kuja usikie huyu mama! Farasi yake iko wapi? Imebakia uchi?" Walicheka, wakachoma gunia kwa kisu mara nyingi wakitafuta silaha, na mimi nilisimama nikiangalia vumbi la udongo wa nyigu likivuja kwenye matundu. Kila chembe ilikuwa nyama ya bwana yangu. Nikaziba kwa viganja. "Pita, mama wa farasi," wakasema.

Niliporudi, kivuli kilikuwa kimeacha nafasi ya kama upana wa mkeka. Luteni alikuwa ameshatoa kisu, amekiweka juu ya kiti kipya ili atoe nywele haraka. Hapo bwana yangu, ambaye hakuwa amesema kitu juu ya roho yake mwenyewe, akapiga kelele:

"Usikate! Hiyo ngozi haina ndugu!"

"Na weye, uko na ndugu?" luteni akamuuliza.

Swali lile katika Bunia ya siku zile halikuwa mzaha, mtu aliuawa kwa kabila la ndugu zake. Nikaingia katikati, nikaweka mkono wangu juu ya ngozi, karibu na kisu. "Afande, acha. Mimi nilifunga, mimi nitafungua."

Mwisho wa uzi nilikuwa nimeuficha chini ya ukingo, mahali ninapojua mimi tu. Nikauvuta. Nilijichoma kidole, na moyoni nilimkasirikia bwana yangu: mtu anakaa karibu na kaburi, anahurumia ngozi! Lakini nilifumua vizuri, tundu kwa tundu, sikuchana. Nywele za ng'ombe tukatoa zote. Luteni alizichambua kwa vidole, akanusa, akatupa.

Kwanza wakapandisha kile kiti cha zamani juu ya mizani. Wakasogeza jiwe la chuma mpaka mkono wa mizani ukasimama sawa, wakaliacha hapo hapo. Wakakishusha. Wakapandisha kiti chetu kitupu, na juu yake gunia.

Mkono wa mizani ukalala: uzito haukutosha.

Wakatikisa. Ukalala tena. Luteni akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hiyo inapunguka, njo or yetu, ile zahabu," akasema. Kivuli kilikuwa kimegusa vidole vya miguu ya bwana yangu. Aliikunja.

Nilitaka kulia, nikaangalia chini ili wasione, na chini, juu ya mbao za mizani, nikaona alama nyeusi. Kiti cha zamani kilipokaa kiliacha maji.

"Afande," nikasema, "angalia. Kile kiti kimekojoa."

"Unasema nini?"

"Kimekojoa! Mvua inaingia ndani yake kila siku, bati imetoboka. Gunia yetu imekauka nyumbani, watu wanailalia. Munapima kitu ya maji na kitu ya jua."

Sikungoja ruhusa. Ndoo ya kuoshea ngozi ilikuwa karibu, nikaiinua, nikamimina juu ya gunia. Zile nywele zikanywa kama mtu aliyetoka safari. Mkono wa mizani ukatikisika, ukapanda, ukafika mahali pake, haukusimama, ukaendelea kupanda mpaka ukagonga chuma cha juu: kling!

Komanda alicheka mpaka akakohoa. "Luteni! Muzee ametuibia, halafu ametuongezea!" Askari wote wakacheka. Luteni hakucheka. Mimi pia sikucheka, kwa sababu mtu anayecheka anaweza kuacha.

"Mupatie viatu yake," komanda akasema mwishowe. "Na hiyo kiti, nataka vile ilikuwa asubuhi."

Njiani nilimwambia bwana yangu: sasa kiti kiko wazi, wanatuhitaji, tusiharakishe. Alikuwa akitembea huku akifikiri, na karibu na nyumbani akasema, "Ile mikia ya ng'ombe, luteni ameitupa kwa matope. Itabidi kuchemsha tena."

Hatukufika kukimaliza pale. Mapigano yakarudi, tukakimbia na sufuria na watoto, na tuliporudi mji ulikuwa na wenyewe wengine. Komanda alikuwa ameondoka na gari yenye nguvu zaidi. Chura alibaki bila magurudumu, bila vioo, bila usukani wake wa mbao. Lakini viti vilikuwepo vyote viwili. Habari ya mizani ilikuwa imezunguka mji mzima, na hakuna aliyehangaika tena kuvipasua.

Bwana yangu alivileta nyumbani kwa kigari cha kusukuma. Akavimaliza vyote viwili, mimi nikishona na kunung'unika, katika matundu yale yale. Ameshakufa, ugonjwa tu, kitandani kwake, na viatu vyake viko chini ya kitanda. Wageni wanapenda kukaa juu ya vile viti, wanauliza nilivinunua wapi.

Gunia pia lipo. Mwenye gari, awe Mzungu awe komanda, hajaja kulichukua, na kazi ya mtu hairudi bila gunia lake. Nalianika jua likiwa kali. Na gari ikisimama mbele ya parseli, hata leo, sifungui mlango kabla sijachungulia dirishani ni nani anayeshuka.