Fahali Wetu Kisimani

Mwenzangu wa dawatini Kiingereza kilimtoka kama maji. Baba yake alikuwa karani kule mgodini Sekenke, na kwao kulikuwa na redio. Mimi wa kijijini Mungaa nilijifunza kwa kuwahutubia ng'ombe machungani. Nilimwonea wivu hadi viatu vyake.

Mtihani wa mazungumzo ya Kiingereza ulipokaribia, mwalimu alituambia kila mmoja aandae kisa cha kwao. Hapo nikafurahi, maana redio haina visa vya kwetu. Mimi nilikuwa na fahali wetu aliyetumbukia kwenye kisima cha kijiji cha ujamaa, watu wakaacha majembe shambani wakamvuta kwa kamba mpaka jua likazama, akatoka mzima. Kila jioni nilimsimulia mwenzangu anirekebishe matamshi. “Rudia hapo pa kamba,” aliniambia kwa upole.

Siku ya mtihani aliingia kabla yangu. Nikiwa nje dirishani, nikamsikia: fahali wa baba yake, kisima cha kijijini kwao. Mtu hajawahi hata kushika mkia wa ndama! Lakini kinachoniuma mpaka leo ni kwamba alisimulia vizuri mno, hata nikaanza kuogopa kwamba fahali wetu hatatoka mzima.