Mwenya Hangoji Mulin Ilie

Katika Lubumbashi nzima hakuna anayejua mashine za kusaga kuliko mwandishi wa habari hii. Yaani, najua mahali pa kuweka beseni, na najua kukung'uta unga kwenye kitenge. Mengine yote ameyasema Mwenya Chileshe, na nusu yake nimeisikia vibaya kwa sababu ya kelele.

Ni asubuhi ya Januari, mawingu yamekaa chini juu ya mitaa ya Annexe, upande wa kwenda Kasapa. Ndani ya nyumba ndogo ya matofali Mwenya anasaga. Nyusi zake ni nyeupe pe. Ukimwona utadhani ni mzee wa rika langu, lakini ana miaka arobaini na sita; ni unga tu. Barazani, chini ya balbu inayowaka kwa sababu ya giza la mvua, wanawake wamepanga mabeseni yao ya mahindi. Bila unga huu mchana hakuna bukari, ugali wetu.

Mwenya haangalii mahindi. Anaangalia kipande cha mshumaa.

Amekibandika juu ya kifuniko cha roulement, ile pete ya chuma yenye gololi inayobeba mhimili wa mashine. Nta ikiwa kavu, anaendelea. Nta ikianza kutoka jasho, pete ina homa, na homa ya chuma haiponi kwa kuombewa.

"Muntu akikuwa na homa unamulalisha," anasema. "Haungoje aanguke kwanza."

Wengi hapa hungoja. Mulin, kama tunavyoiita mashine ya kusaga, hufunguliwa siku inapokufa. Kuitia grisi ikiwa nzima huonekana kama kumnywesha dawa mtu anayecheza ngoma. Ukiwaambia wanawake kwamba mulin inapumzika, watasema imekufa, watabeba mabeseni waende kwa Clovis, mwenye mulin nyingine karibu na barabara ya lami.

Lakini umeme ukikatika, hakuna anayemlaumu mtu. Wanawake huketi, husukana nywele, hungoja. Basi kila nta inapotoka jasho, Mwenya hukata umeme kwa mdomo.

"Kwanza minazima ile taa ya inje," anaeleza bila haya. "Kisha njo minatoka na uso ya huzuni: Bamama, courant imeenda. Taa ikiwaka, bubeshi haitembee."

Bubeshi ni uongo. Sisi wa Lubumbashi tumeupa jina letu wenyewe kwa kuwa tunautumia sana.

Sababu yake haichekeshi. Kazi hii alifundishwa na kaka yake mkubwa, Kalaba, kwenye mulin nyingine ambayo sasa haipo. Mulin ile ilipiga kelele kwa muda mrefu. Kila mtu aliisikia. Wateja waliiga sauti yake na kucheka. Mwenye mali akasema wangoje mavuno yaishe. Pete ikakwama, mkanda ukakatika na kumpiga Kalaba kifuani. Hakufika hospitali akiwa hai.

"Yaya Kalaba alisema kesho tutaifungua," anasema Mwenya, akijipangusa mkono kwenye suruali ingawa mkono ni safi. "Mashine ililia, hatukusikia. Kisha shiye njo tulilia."

Mulin ya sasa ni ya Mama Katungu, mfanyabiashara kutoka Butembo anayenunua mahindi Kasomeno. Jirani amemnong'oneza kwamba umeme wa Mwenya hukatika peke yake. Naye mama ameshamwonya Mwenya: akisimamisha tena mashine nzima, atafute kazi kwingine. Na kazi hii ndiyo inayomweka shuleni Dorine, binti yake.

Sasa nta inatoka jasho.

Mwenya anashusha kishikio. Mulin inashusha pumzi ndefu, inanyamaza. Kabla hajafika kwenye swichi ya taa ya nje, lori linasimama mlangoni, na Mama Katungu anashuka, matope mpaka magotini.

"Fundi mukubwa! Imekufa?"

"Haiyakufa, mama. Iko na joto."

"Courant iko?"

Angeweza kudanganya. Anatazama chini.

"Iko, mama."

"Nilikuambia nini, Mwenya? Bantu bamejaa inje! Kuko kilio kwa bene Kabwe, banangoja bunga ya kupikia bageni, na weye unabembeleza chuma kama mutoto!"

Mwenya anaonyesha mahali kando ya mkanda, ambapo sementi imelika kwa nyayo zake mwenyewe. Hapo ndipo husimama anayemimina mahindi.

"Basi washa, mama. Lakini mi siwezi simama pale. Simama weye."

Mama Katungu si mtu wa kuambiwa. Anakwenda, anasimama pale pale. Mkanda uko sawa na kifua chake. Anautazama. Ananyoosha kidole, anagusa kifuniko cha pete, anakirudisha mbio mdomoni.

"Yaya yako alisimama hivi?"

"Hivi hivi, mama."

Nje mwanamke anauliza kama tumekufa sote.

"Itakamata wakati gani?" anauliza Mama Katungu.

"Kuosha pete, kutia grisi ya mupya, kukaza mukanda. Mbele ya bukari itakuwa inasaga."

Ameshashika spana. Huku anafungua, ananiambia anachotaka: pete mpya ikae rafuni kabla ya hii kuzeeka, na siku moja kila juma aandike mlangoni kwa chaki kwamba leo mulin inapumzika.

"Bamama basome, bende, barudie kesho. Bila mi kubesha. Nimechoka na ule uso ya huzuni."

Siku ya chaki haijafika. Mama Katungu anakaza kitenge chake, anatoka barazani, na uso wa huzuni anauvaa yeye.

"Bamama, mutuhurumie. Courant imeenda."

Mabeseni yanatulia. Kisha Mama Benita, wa kwanza kwenye foleni, anayesagia watu wa kilio, anainua kidevu polepole kuelekea juu ya kichwa cha Mama Katungu.

"Pole, mama," anasema. "Na hii taa, inawaka na bunga?"